Rapport yangu na mbuzi ya patron

Kiki, niko na kasirani sana.

Unajua ile commande yangu ya ku ordinateur? Unaandika mustari moja, na ma tests yote ya logiciel, ile programu yetu, inatokea mu page ya web, njo rapport: yenye ilipita iko kijani, yenye ilikatala iko nyekundu.

Leo patron, mukubwa wetu wa kazi, alikuya na client, juu ya kuchagua nani kati ya Clovis, mwenzangu wa kazi, na miye atapata contrat. Clovis anaonyesha page YANGU. Asema, "Ni miye nilitengeneza."

Eti ni yeye. Clovis!

Na hakufuta hata dossier ya ma résultats ya juma yenye ilipita. Yote ilichangana na ya leo, makumi ine nyekundu.

Client anauliza, "Hii ni nini?" Clovis ananionyesha na kidole, asema, "Ile nyekundu ni makosa ya Ruben. Hakumaliza masomo ya fac."

Hakumaliza fac, Kiki. Mbele ya bantu yote.

Njo nilisimama, nilifuta dossier, niliandika mustari yangu. Yote kijani.

Lakini nilisahabu mbuzi yenye nilichora mu ile page juu ya kucheka. Kama yote inapita, mbuzi inatoka inacheza. Iko na kichwa ya patron.

Client alicheka mpaka machozi. Patron hapana. "Nani alifanya hii?"

Clovis asema, "Rapport yote ni ya Ruben, chef. Tangu mwanzo."

Sasa njo anakumbuka.