Mkono wa Eli Haukusikia

Jumamosi. Mvua tangu mchana, na hadi sasa haijakatika.

Nimerudi nyumbani Moshono nikiwa nimelowa chapachapa. Naandika kabla ya kupika, maana nikikaa bure nitalia, na Eli yuko chumbani, atanisikia.

Leo nilimpeleka Eli, mume wangu, kupiga kasia katika ziwa la Momela. Ilikuwa zawadi yangu, miaka kumi na mitano ya ndoa. Eli ni mtoto wa Meru, amekua akibeba magunia ya kahawa, ila ziwa lile alikuwa analiona kwa mbali tu. Tulipewa kayaki ya watu wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Nasieku, binti aliyetuongoza, alikuwa na yake.

Tulikwenda vizuri hadi katikati. Kisha mvua ikaanza, ukungu ukashuka, mlima ukapotea, upepo ukaanza kutusukuma kwenye matete, na huko tulishaonywa kuna viboko.

"Baba, Mama, tugeuze!" Nasieku akapaza sauti. "Pigeni kwa nguvu!"

Nikapiga. Kayaki ikazunguka palepale. Nikamwangalia Eli: kasia limelala mapajani, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Akajaribu kulishika kwa mkono wa kushoto, likamponyoka, likaenda na maji.

"Eli, vipi?"

Hakugeuka. "Mkono haunisikii, Mama Neema."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Tangu Pasaka!

Mwezi uliopita aliacha kukamua ng'ombe, akamwachia mwanetu Neema. Nikamwambia amekuwa mvivu. Nilimwambia mbele ya mama yake mzazi, na yeye akacheka tu, akatoka nje.

Nilitaka kumshika. Lakini ningeinuka tungepinduka, kwa hiyo nilibaki nyuma yake, natazama mgongo wake ukitetemeka, nisijue kama ni baridi au analia. Nasieku akatufunga kamba, akatuvuta. Nami nilikuwa napiga kasia kama kichaa, ingawa nadhani sikusaidia chochote.

Ufukweni Nasieku alimshika kiwiko akamtoa taratibu. Eli akasema, "Asante, binti yangu," kwa sauti ya mtu aliyeaibika. Kwenye gari akanipa funguo. Tulipofika mji wa Usa ndipo aliposema, "Mama yangu asijue kwanza." Nikaitikia. Ila samahani ya kumwita mvivu haikutoka.

Jumatatu tunakwenda hospitali, akitaka asitake. Lakini naogopa. Nimezoea kuwa mtu wa kupanga mambo humu ndani, na hili sijui nilishike wapi.

Nililalaje kando ya mtu miezi yote hiyo, nisione?

Ananiita. Anasema shati limeganda mwilini, vifungo vimemshinda.

Hajawahi kuniomba kitu kama hicho. Ngoja niende.