Hamira ya Baba

Kambi ya magogo, Minnesota
9 Machi 1893

Mdogo wangu Torgils,

Mimi mzima, mgongo tu unauma. Barua yako imenikasirisha. Uliimwaga hamira ya Baba kwenye togwa ya shayiri inayofuka mvuke, bila hata kutia kidole kupima joto! Ikafa, na Baba akazikwa bila bia ya nyumbani, kinyume cha desturi yetu.

Jirani yetu Brynjulv anayo hamira ileile, tulimpa sisi. Mbona hukumwomba? Eti, “Angenicheka.” Acha akucheke, mjinga wewe! Nenda kesho. Togwa ikiwa vuguvugu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, mwaga hamira, kisha piga ukelele juu ya pipa kuiamsha, kama alivyokuwa akipiga Baba. Piga kwa nguvu. Huku kambini mimi sina pipa la kuupigia.

Bado nimekasirika,
Kaka yako Oddmund