Mashine Yangu Iko kwa Maneno

Jumatatu, 7 Septemba 1998
Leo Maneno ameniletea mashine ya kunyolea niitie chaji. Mashine yangu! Niliiacha nyumbani siku tulipokimbilia Kigoma, risasi zinalia nyuma yetu. Nimerudi, namukuta jirani yangu ananyolea watu nayo sokoni. Eti aliinunua. Muongo! Ule ufa wa pembeni niliuziba mimi kwa gundi. Sasa umeme umekatika Rumonge yote, grupe, mashine ya kuzalisha umeme, iko hapa kwenye kinu cha mawese tu, na muangalizi wa grupe ni mimi. "Amahoro, Feruzi! Niwekee chaji kidogo." Bila haya! Nimepokea. Nimecheka naye hata.

Jumatano, 9 Septemba
Nimepata dawa yake. Batri ya mashine ile inataka ife kabisa ndipo uichaji, ikijaa uitoe. Ukiichomeka ingali na nguvu, ukaiacha iungue kutwa, inazoea uvivu. Basi nimemuambia Maneno, kwa sauti ya ndugu kabisa: uilete kila jioni, hata kama haijaisha. Akasema murakoze sana, una roho nzuri. Roho nzuri! Subiri.

Jumapili, 13 Septemba
Iko kwenye chaji tangu jana. Ya moto! Muke wangu Mwasiti ameigusa, akaruka. Anasema ninaua kitu changu mwenyewe, na siku ikinirudia tutakula nini? Nimejibu hainirudii. Nilienda kwa mukubwa wa zone, akanidai fakture, karatasi ya kununulia. Nani anakimbia risasi na fakture mukononi? Mimi nataka Maneno aaibike mbele ya watu. Nataka aseme kwa kinywa chake kwamba ni yangu. Basi.

Ijumaa, 18 Septemba
Inaanza! Maneno analalamika — vichwa viwili tu, inalia kama mbu, inakata, inazimika. Nimemushauri aiongezee chaji. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumanne, 22 Septemba
Mungu wangu. Imekata kwenye kichwa cha sajenti wa pozisiyo, ile kambi ya askari. Nusu upara, nusu nywele! Nilikuwa palepale, siku hizi napita kila mara kuangalia. Soko likacheka. Sajenti akamupiga Maneno kofi, akaanguka kwenye maji ya sabuni. Nilifurahi, sidanganyi. Nilifurahi sana.

Sajenti akauliza: mashine hii ya nani? Nani anataka askari wangu wanicheke?

Maneno akainuka, damu puani, akaninyooshea kidole. Ya Feruzi! Ni yake tangu zamani, mimi namutunzia tu, na chaji anatia yeye. Na watu wote, walewale waliokuwa hawajui kitu nilipowaomba ushahidi, wakaitikia: ndiyo, ya Feruzi, tunaijua.

Sasa niko kinuni. Askari iko mulangoni na bunduki. Sajenti amekaa juu ya pipa la mawese, kofia kichwani, ananitazama. Anadhani naandika mambo ya mazutu, mafuta ya grupe. Amesema nitie chaji, kisha nimumalizie kichwa mimi mwenyewe, kwa mashine yangu, na isikate hata mara moja. Maneno wamemuachia aende. Mwasiti nimemuona nje, amejishika kichwa.

Taa nyekundu inawaka. Batri ile naijua. Haifiki hata sikioni.

Sajenti amevua kofia. Anauliza, tayari?