Njia Aliyoiandika Diane

Hillbrow, Johannesburg
Tarehe 1 Oktoba 2017

Yaya Arlène, dada yangu mkubwa mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto wote hapo Uvira. Mgongo wako unaendeleaje? Mama bado anagombana na dawa za presha? Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Baridi imekwisha na watoto wameacha kukohoa. Barua hii anakuletea Pitchou, anayerudi nyumbani kuoa. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inasomwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako.

Unajua shemeji yako Théodore alinunua gari bovu, Venture isiyo na injini. Alilitengeneza mwenyewe pale gereji yao Doornfontein mpaka likanguruma. Mwezi wa saba akasema kwenye mapumziko ya Septemba tutakwenda kuona milima ya Golden Gate, mbuga ya taifa iliyo mwendo wa saa nne na zaidi kutoka hapa. Nilifurahi sana. Miaka kumi na moja tumeishi huku, na kama tumetoka Johannesburg, ni kwa karatasi za ukimbizi au kwa msiba.

Shida ilianzia kwenye njia. Ziko mbili. Moja ni barabara kuu ya Durban mpaka Harrismith, pana, imejaa malori. Nyingine inaachana nayo Villiers na kupita miji midogo, Frankfort, Reitz na Bethlehem. Théodore hakuijua hata moja, akaenda kumuuliza Diane.

Diane ni Mrundi, mjane, anakaa ghorofa yetu, mlango wa tatu, na binti yake Ornella wa miaka minane. Anatembeza nguo za akina mama katika miji ile ile, kila mwezi yuko njiani. Alikuja kwetu, wakainamia ramani kwenye simu. Akasema tupite Reitz, maana majira haya miti ya pichi inachanua kwenye mashamba, lakini barabara kuu tutaona migongo ya malori tu. Théodore alimsikiliza kidevu kikiwa kwenye kiganja. Yaya, mume wangu hajawahi kunisikiliza namna hiyo. Nikiongea mimi, anatafuta bisibisi.

Nikasema mimi nataka Harrismith. Akauliza sababu. Nilitaja mashimo, nikataja majambazi, nikasema watoto watatapika. Ukweli ni kwamba niliitaka Harrismith kwa sababu Diane hakuitaka. Tulibishana wiki mbili. Diane akifunga kitambaa kipya, najiuliza amemfungia nani. Akipika, harufu ikaingia kwetu, naona amefanya makusudi. Sikuwahi kukuta lolote, hata ujumbe mmoja wa simu, na nilitafuta.

Mwisho Théodore akaleta suluhisho lake. Twende pamoja na Diane na mtoto wake, nafasi ipo, na Diane akae mbele amwelekeze. Mbele, yaya. Nikapewa kazi ya kumwambia Diane saa ya kuondoka.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulikuwa chini barabarani, na Diane hakutokea. Nilimwambia Théodore kwamba Ornella ana homa, wamesema twende tu. Alitaka kupanda kuwapa pole, nikamzuia, nikasema tusiwaamshe. Nikakaa mbele.

Nilidhani sasa njia itakuwa yangu. Tulipokaribia Villiers, Théodore akatoa karatasi mfukoni. Diane alikuwa amemwandikia njia nzima tangu zile siku za ubishi. Akanipa niisome, maana yeye anaendesha. Basi nikawa namsomea mume wangu maneno ya Diane kwa mdomo wangu mwenyewe. Ukitoka Frankfort punguza mwendo, kuna shimo kushoto. Na shimo likawepo. Kabla ya Reitz tazameni kulia. Tukatazama, na miti ya pichi ilikuwa imechanua rangi ya waridi katikati ya majani makavu, watoto wakabandika pua kwenye vioo. Nilitamani iwe imekauka.

Halafu nikafika mstari huu: “Bethlehem, kituo cha mafuta, simameni robo saa. Denise anavimba miguu akikaa sana.” Sikuusoma kwa sauti. Nikarukia mstari unaofuata. Théodore akapitiliza, na miguu yangu ikavimba.

Milima yenyewe ni mizuri, siwezi kudanganya. Miamba mikubwa ina rangi ya asali, pundamilia wanakula chini yake, na upepo ni baridi hata jua likiwaka. Théodore alipiga picha nyingi, na kwa kila moja alisema hii ni ya kumwonyesha Ornella mgonjwa wetu. Siku tatu nilikula, nilitembea, nilichekea kamera.

Yaya, Ornella hakuwa na homa. Diane nilimwambia tunaondoka saa mbili.

Tuliporudi Jumatatu jioni, Théodore alipitia mlangoni kwao kuuliza hali ya mtoto. Nilisimama nyuma yake na mabegi, nikingoja aibu yangu. Diane alinitazama kidogo, akamjibu kwamba homa imeshuka, anashukuru.

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Akanitangulia kusema. Alisema alikuwa macho tangu saa kumi akikaanga mandazi ya safari. Alisikia gari, akachungulia dirishani, akaniona naingia mbele. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja.

“Ningekutaja, mume wako angenihurumia,” akasema. “Na huruma yake ingekuumiza zaidi.”

Badala ya kumshukuru, nilimwonea wivu hata kwa jibu lile.

Akaniambia ana ombi moja tu. Ornella alivaa viatu saa kumi na mbili, akakaa juu ya begi lake mpaka saa nne, na mama yake alikosa la kumwambia. Nimwambie mimi. Mtoto yule Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, ikabidi nitafute maneno ya kukiri kosa katika lugha ninayoitumia saluni tu. Nilimwambia niliwadanganya saa kwa sababu nilikuwa na roho mbaya. Akauliza kama nimemaliza, akarudi kwenye daftari lake.

Jana nimemwambia Théodore. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Hata mtoto?” Tangu hapo nikimwekea chakula anasema asante kama mtu aliye mgahawani. Amesema Desemba atawapeleka Diane na Ornella mlimani, na mimi nichague kukaa nyuma au kubaki. Nimechagua kukaa nyuma.

Sikuandikii unitetee. Niombee, maana nimekiri kwa watu watatu na wivu wenyewe haujaondoka. Asubuhi hii Diane alimsalimia Théodore kwenye ngazi. Nilikuwa naosha vyombo, nikafunga bomba ili nisikie vizuri.

Mbusu mama kwa ajili yangu, wape watoto peremende alizobeba Pitchou, na barua hii ukishaisoma uitie kwenye makaa ya mbabula.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Denise