Likizo Uliyoniachia Niitunze

Mpendwa baba Neema,

Siri yako nimeitoa. Nakwambia mapema, maana hukupenda habari za kuzungushwa.

Unakumbuka jioni ile uliposhuka kwenye bodaboda na mizigo yako yote kutoka Biharamulo? Kampuni ya barabara ilikuwa imepunguza watu, na wewe mtunza stoo ulikuwa miongoni mwao. Ulinivuta jikoni ukaninong'oneza, "Watu wakiuliza, niko likizo." Nikacheka, nikasema likizo gani mtu anarudi na godoro. Hukucheka. Basi nikaitunza likizo yako, hata ilipopita ya mwalimu yeyote hapa Mugoma. Fao la kukosa ajira likawa linaingia benki, tunakula humo humo, na mama yako naye tukamwambia uko likizo.

Kisha presha ikakuchukua. Mwezi uliofuata fao likaingia tena, kana kwamba upo. Sikuligusa. Niliogopa kula hela isiyo yetu, na kwenda kusema nako niliogopa. Mwishowe nilikwenda ofisi ya mafao Ngara mjini, na ilibidi niende na mama kwa sababu jina lake limo kwenye wategemezi wako.

Yule dada wa ofisini ana adabu zake. Alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti, kisha akatueleza: fao la kukosa ajira linakoma mtu akifariki, hela iliyoingia baada ya msiba inarudishwa, ndipo tuombe mafao ya warithi.

"Nani kakosa ajira?" mama akauliza. "Mwanangu si alikuwa rikizo?"

Dada akaniangalia mimi. Ningeweza kudanganya mara moja zaidi, baba Neema. Nikasema, "Aliachishwa kazi, mama. Aliona aibu kukwambia."

Mama akainuka kitini. Tulipofika stendi ndipo alipofungua mdomo.

"Nilimnunia," alisema. "Nilisema ana mshahara, yupo tu nyumbani, na hata sabuni hanipi. Amekufa nimemnunia."

Nilikosa pa kuficha uso. Miezi yote ile nilimwona anapita mlangoni kwetu bila kubisha hodi, sababu naijua, nami nikanyamaza nikidhani nakulinda wewe. Neno langu moja lingewapatanisha. Kazi ilikuwa yako, kuficha kwamba imekwisha ulikuwa na haki. Mimi sikuwa na haki ya kumnyima mama mwanawe, na hilo linaniuma kuliko yote.

Jana asubuhi alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akautua mlangoni. Nikamuuliza ni wa nani.

"Wa mwanangu," akasema. "Hana kazi."

Nilizipika, watoto wakala. Mimi sahani yangu nikampa Neema.

Lala salama, mume wangu. Usinisamehe haraka.

Mkeo,
mama Neema