Mgeni Aliyesema Ametoka Klabuni

Nyumbani, nyuma ya kinyozi.
Jumatano asubuhi, tarehe kumi na nane.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Miaka mitatu hujakanyaga hapa, na simu zako ni za mtu anayekimbia mvua. Unauliza "bibi hujambo," sijajibu, umeshasema "haya bibi." Hata fundi bomba, ambaye kazi yake ni kutoonekana, amekuja mara mbili.

Sisi wazima. Mguu wangu wa kushoto unalalamika kwenye ngazi, nami siusikilizi. Wewe je, unakula? Kile kikohozi kimekwisha? Usinijibu "niko sawa," hilo si jibu. Shangazi yako anaandika, mimi nasema, na nimemkataza kunirembea maneno.

Nilifurahi uliposema umeomba uanachama wa klabu ya waandishi wa kigeni huko uliko. Unajua niliosha vyombo kwenye klabu kama hiyo hapa kwetu miaka ishirini na miwili. Kusoma sijui, lakini mambo ya uanachama nayajua: wawili wanakudhamini kwa sahihi zao, fomu inafungiwa kabatini kwa katibu, jina linabandikwa ubaoni siku kumi na nne, mwenye neno aseme. Majina sikuyasoma, nilisoma nyuso za waliokuwa wakiyasoma.

Sasa sikiliza. Ijumaa alikuja mwanamume hapa, shati limenyooshwa kama la bwana harusi, bahasha kwapani. Akasema ni mwanachama wa siku nyingi wa klabu yako, kamati imemtuma awajue jamaa za mwombaji. Nikamtengea chai, huku najiuliza tangu lini kamati ikatembelea mabibi.

Akaanza na mambo ya kawaida, ulizaliwa lini, ulisoma wapi. Kisha akashusha sauti kama daktari.

"Bibi, zile habari zake za dawa mbovu za hospitali, nani hapa alimpa zile karatasi? Tunataka tumpe na yeye cheti."

Mke mwenzangu, pale klabuni kwetu mtu aliweza kumuuliza mwenzake umri, talaka, hata ugonjwa. Lakini kuuliza nani amekupa habari, hapana. Aliyeuliza aligeuziwa kikombe chake mdomo chini, na meza nzima ikanyamaza mpaka aondoke. Nilimwona mzee mmoja mwenye jina kubwa akigeuziwa, akatoka bila koti. Na wewe uliniambia huko nako wanafanya vivyo hivyo.

Basi nikanyoosha mkono, nikakigeuza kikombe chake. Chai ikajaa kwenye kisahani.

Akacheka. "Bibi, sijamaliza kunywa."

"Umemaliza," nikamwambia.

Hakuelewa kitu. Akauliza madaftari yako ya zamani yako wapi. Nikamwambia niliwashia jiko. Hapo ndipo akakumbuka kuwa ana haraka.

Nikaenda kwa kinyozi kuuliza yule mtu alifikaje. Kinyozi akasema alikuwa anatafuta nyumba ya mlango wa kijani. Mlango wetu ni wa buluu tangu mwaka juzi, hujui kwa sababu hujaja. Mtu wa hapa angesema buluu. Na wewe mwenyewe uliniambia umeandika kwenye fomu, nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya kinyozi. Ningekusahihisha, lakini ulikuwa unakata simu.

Nani ameiona hiyo fomu? Katibu, na wadhamini wako wawili. Mdhamini mmoja, mkuu wako wa zamani, ulisema, alitia sahihi fomu tupu akaenda likizo. Katibu simjui, sitamsafisha wala kumpaka tope. Anabaki mdhamini wa pili, yule mpiga picha mnayemwita Mpole. Ndiye aliyekusihi uombe, ndiye aliyekuletea fomu, na kwa maneno yako mwenyewe amekuuliza mara mbili kama mwenye karatasi anaishi karibu na kwenu. Yeye ni mwanachama kweli, sheria anaijua. Mbona kikombe chake bado kiko wima?

Huenda namsingizia. Ikiwa hivyo nitamwomba radhi, na chakula nitampikia. Lakini aliyekuamini akakupa zile karatasi ana watoto. Ndiyo, namjua, tangu siku ile alipokuja na mfuko wa vitunguu usio na kitunguu. Jumamosi nilikwenda kumwonya kwa miguu yangu hii hii. Amehama, na sitaandika wapi. Madaftari nayo yamehama. Usiulize kwa simu.

Ukiipata barua hii, fomu yako iondoe kwa katibu kesho yake asubuhi. Utakaa bila kadi, chai utakunywa barabarani, na hutakufa. Barua hii sikuitia posta, jirani yetu muuguzi anakuletea mkononi. Ukishaisoma, ichane vipande vidogo kuliko unavyofikiri vinatosha.

Shangazi yako anakusalimu, anasema mkono umekufa ganzi. Mjomba wako fundi saa anakusalimu, naye kinyozi anakusalimu kwa aibu, maana ndiye aliyemwonyesha yule mtu nyumba. Mungu akufunike mbele na nyuma, hasa nyuma, ambako wewe huangalii.

Na ukija, njoo peke yako, mchana, bila kumuaga mtu yeyote huko. Ukifika mlangoni usinitajie jina, maana siku hizi simfungulii mtu kwa jina lako. Kohoa, cheka, nigombeze, lolote, ila nisikie sauti yako.

Mimi ninayekupenda hata ninapokufokea,
Bibi yako