Nikiziunganisha Kompyuta, Nani Atanijia?

Shangazi Phanice, naomba unisikilize, maana hapa shuleni sina wa kumwambia.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu huku Sironga, napenda vitabu lakini kuongea na watu kunanishinda, na rafiki sina, isipokuwa maabara ya kompyuta ikifunguliwa, kwa sababu seva yetu, kompyuta kuu inayohifadhi kazi zetu, inatumia mfumo wa Linux na kompyuta za wanafunzi zinatumia mfumo wa Windows, nazo hazioni mafaili ya seva, basi kila anayetaka kazi yake huja kwangu na flashi nimnakilie, kwani Mwalimu Mogaka alinikabidhi seva hiyo, na wenzangu hunitania, "Mama Flashi, harakisha, kengele inalia!" lakini angalau wananiita. Juzi nikasoma mwongozo nikagundua kwamba Samba, programu ya kugawana mafaili, ipo kwenye seva tangu zamani, ila hakuna mwanafunzi aliyesajiliwa, nikajisajili, nikaenda kwenye kompyuta nyingine, folda yangu ikafunguka! Nilifurahi, halafu nikaogopa, maana wote wakisajiliwa hakuna atakayenihitaji, nikanyamaza. Jana flashi ya Nyanchama wa kidato cha nne iliingiwa na virusi, mradi wake wa mtihani, ambao nilikuwa sijaunakili kwenye seva, ukaharibika, akalia, kisha akaniambia, "Usijali, si kosa lako, wewe hunisaidia tu." Sijalala. Nifanye nini?

Mpweke wa Maabara

Binti yangu,

Upweke wako nimeuelewa, na kuusoma mwongozo mpaka mwisho si jambo dogo. Lakini umekosea. Watu hupanga foleni hata kwenye mfereji wa maji, na hakuna anayeupenda mfereji. Foleni si urafiki, na umeacha kazi ya mwenzako ipotee ili kuilinda foleni hiyo.

Kesho, kabla ya gwaride la asubuhi, mwone Mwalimu Mogaka umweleze yote, pamoja na kunyamaza kwako. Wasajilini kidato cha nne kwanza, kila mmoja na nywila yake, asiyeruhusiwa asifungue kazi ya mwenzake. Nakala nyingine ya kila mradi iwekwe nje ya seva.

Kisha mtafute Nyanchama. Mwambie ukweli kwa kinywa chako kabla hajausikia kwa wengine. Huyo alikuwa akilia, na bado akakufariji wewe, hukumwona? Akikasirika, ana haki, usijitetee. Akianza mradi upya, muulize kama unaweza kuketi naye. Akikubali, keti, hata kama hamtasema neno.